Mtoto akisema anataka kusomea ustawi wa jamii

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, familia nyingi huanza kikao kisicho na mwenyekiti. Baba anataka udaktari, mama anataka uhasibu, na mjomba aliyelipa ada ya kidato cha tano anataka sheria. Mtoto akisema anataka kusomea ustawi wa jamii, watu hutazamana. Mmoja huuliza kwa upole, "Ndiyo kazi gani hiyo?" Mwingine humjibu kabla mtoto hajafungua mdomo, "Ni wale wanaopatanisha wanandoa waliogombana."

Mimi ni mmoja wa wale. Nimekuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka 19, sehemu kubwa katika kata za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, na wazazi wa namna hiyo hunijia ofisini au kunipigia simu wakitaka nimkatishe tamaa mtoto wao. "Dada, wewe unaijua kazi yenyewe. Mwambie ukweli."

Ukweli huwa nauanzia mbali, Chicago nchini Marekani, kwa mwanamke aliyeitwa Jane Addams. Nauanzia huko kwa sababu maisha yake yanaonyesha jambo ambalo mshahara wangu na ofisi yangu yenye kiti kimoja cha wageni haviwezi kulionyesha. Mtu anayeijua kazi hii huanzia mlangoni kwa jirani, lakini haishii hapo. Hulifuata tatizo la nyumba ile mpaka linakotoka, hata likimpeleka jalalani, kiwandani au bungeni.

Jane Addams alizaliwa Septemba 6, 1860, Cedarville katika jimbo la Illinois, akiwa mtoto wa nane kati ya tisa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka na alikuwa seneta wa jimbo, kwa hiyo shida ya chakula hakuijua. Aliijua shida ya mwili. Utotoni aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, kikamwachia mgongo uliopinda. Alimaliza masomo Rockford mwaka 1881, na mwaka huohuo baba yake akafariki. Akaanza kusomea udaktari Philadelphia, mgongo ukamzidi, akaacha.

Kwa takriban miaka minane baada ya hapo alikuwa binti msomi wa familia yenye uwezo asiyejua ayafanyie nini maisha yake. Alisafiri Ulaya mara mbili, akarudi, akaumwa, akapona. Mzazi mwenye kijana aliyemaliza chuo na bado yuko nyumbani, naomba aikumbuke miaka hiyo minane.

Mwaka 1888 alitembelea Toynbee Hall, nyumba iliyokuwa mashariki mwa London ambako vijana waliotoka vyuo vikuu waliishi katikati ya watu maskini. Aliporudi, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr wakatafuta nyumba Chicago. Septemba 18, 1889 wakahamia katika jumba kuukuu lililoitwa Hull House, mtaa wa Halsted. Majirani zao walikuwa wahamiaji: Waitaliano, Wajerumani, Wagiriki, Wayahudi waliotoka Urusi na Poland, na wengine wengi, wakiishi kwa kubanana katika nyumba mbovu, karibu na viwanda.

Naomba tulishike neno "wakahamia". Hawakufungua ofisi ya kuingia saa mbili asubuhi na kufunga saa tisa na nusu. Walilala pale, wakasikia kelele zilezile za usiku na harufu ileile ya mchana. Wakaanza na chekechea, vikundi vya vijana na madarasa ya jioni kwa watu waliotoka kazini. Ilipofika mwaka wa pili, watu wapatao 2,000 walikuwa wakipita pale kila wiki.

Si kila kitu walichoanzisha kilipendwa. Waliona majirani wanakula vibaya, wakafungua jiko la chakula cha bei nafuu, kilichopangwa kitaalamu kiwe na virutubisho vyote. Majirani hawakukichangamkia. Mama mmoja alikiri kwamba chakula kile kina lishe, ila yeye anapenda kula anachokipenda. Aliyewahi kuhudhuria semina ya lishe katika kata zetu, ambapo mtaalamu anaeleza mlo kamili kwa kina mama ambao jioni ile wana unga na dagaa tu, ataelewa kwa nini hadithi hiyo kila ninapoisimulia watu wa kazi yangu hucheka.

Ipo nyingine isiyochekesha. Uchumi wa Marekani ulipoyumba mwaka 1893, watu wengi walipoteza kazi, na Addams alikuwa akipokea maombi ya msaada. Alikuja karani mmoja aliyekuwa amezoea kufanya kazi ndani. Utaratibu ulikuwa kwamba mtu hasaidiwi kama kuna kazi anayoweza kuifanya, na wakati huo kulikuwa na kibarua cha kuchimba mfereji. Yule karani akaeleza kwamba mwili wake hautastahimili kazi ya nje katika baridi ile. Addams akafuata utaratibu. Mtu yule akachimba siku mbili, akapata nimonia, na wiki moja baadaye akafa, akiacha watoto wawili.

Addams aliliandika jambo hilo mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1910, Twenty Years at Hull-House, bila kujificha nyuma ya utaratibu. Alijifunza kwamba huwezi kumsaidia mtu kwa kanuni pekee kabla hujayajua maisha yake. Vijana wanaokuja kwangu kwa mazoezi ya vitendo huwa nawasimulia habari za karani huyo siku ya kwanza, kabla sijawaonyesha fomu hata moja.

Katika kitabu hichohicho wamo watoto watatu ambao siwasahau. Walikuwa watoto wa mama waliokwenda vibaruani na kuwafungia ndani. Mmoja alianguka kutoka dirisha la ghorofani. Wa pili aliungua. Wa tatu mgongo wake ulikuwa umepinda kwa sababu kwa miaka mitatu alishinda amefungwa kwenye mguu wa meza ya jikoni, na kaka yake alikuwa akikimbia kutoka kiwandani saa sita mchana kuja kumfungua kwa muda. Hull House ikafungua mahali pa kulelea watoto mchana.

Nimeyaona hayo kwa macho yangu, bila mguu wa meza. Miaka michache iliyopita mwenyekiti wa mtaa mmoja alinipigia simu asubuhi. Kulikuwa na nyumba ambayo watoto wawili, wa miaka minne na miwili, walikuwa wakilia ndani na nje kuna kufuli. Nilipofika, watu walikuwa wamejaa. Mwenyekiti alitaka twende polisi. Kijana mmoja alikuwa anapiga picha za simu. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa dirishani, anawaimbia wale watoto ili wanyamaze.

Mama yao alirudi saa tatu na beseni la mboga kichwani. Alipowaona watu, beseni lilianguka. Sikumwuliza kwa nini amewafungia watoto. Nilimwomba, "Mdogo wangu, hebu nisimulie siku yako, tangu unaamka."

Akanisimulia. Anaamka saa tisa usiku. Saa kumi alfajiri lazima awe sokoni, kwa sababu ikifika saa kumi na moja mboga nzuri zimekwisha, na kinachobaki hakiuziki mtaani. Baba wa watoto yuko mkoa mwingine, anatuma fedha akikumbuka. Kituo cha kulelea watoto kilicho karibu kinafungua saa moja na nusu. Kumbeba mmoja mgongoni na kumshika mwingine mkono, gizani, katikati ya mikokoteni na malori, alishajaribu, na mkubwa akapotea kwa saa nzima. Ndipo akanunua kufuli.

Sheria inamkataza mzazi kumtelekeza mtoto, na ningeweza kuishia hapo. Mama angelala mahabusu, watoto wangetafutiwa pa kwenda, na jalada lingeonekana limefanyiwa kazi. Lakini asubuhi ya kesho yake mboga zingekuwa bado zinauzwa saa kumi na kituo kingekuwa bado kinafunguliwa saa moja na nusu.

Tulikaa pale uani, mimi, yule mama, mwenyekiti na bibi wa nyumba ya pili. Bibi akasema yeye usingizi humwisha saa nane za usiku, watoto waletwe kwake. Wakakubaliana atapewa mboga na fedha kidogo kila wiki. Baba wa watoto nilimpigia siku hiyohiyo, na baada ya kuitwa mara mbili akaandikishwa kiasi cha matunzo cha kila mwezi. Kisha nikamwomba mwenyekiti anitafutie mama wengine wa mtaa ule wanaotoka usiku. Tukapata watano zaidi, wote wana watoto wadogo, na wawili kati yao nao walikuwa na makufuli.

Tukaenda sita hao na mimi kwa mwenye kituo cha watoto. Mwanzoni alikataa, akisema walimu wake wanatoka mbali. Tulirudi mara tatu. Mwishowe alikubali kufungua saa kumi na mbili asubuhi, kwa mwalimu mmoja anayekaa jirani. Saa mbili za alfajiri bado zinabebwa na bibi, na bibi anazeeka. Siwezi kusema tatizo limekwisha. Ila makufuli matatu yalitoka milangoni, na hakuna mama aliyelala mahabusu.

Naisimulia habari hiyo ili msomaji aone hatua zenyewe zinavyokwenda, kwa sababu ndizo alizopita Addams kwa umbali mrefu zaidi. Krismasi ya kwanza Hull House waligawa pipi, na baadhi ya wasichana wakazikataa. Walipoulizwa, ikabainika wanafanya kazi kiwanda cha pipi, tangu saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, na hawataki hata kuziona. Baadaye wavulana watatu wa vikundi vyao waliumizwa na mashine moja katika kiwanda cha jirani. Mmoja akafa. Kizuizi cha kukinga mashine ile kingegharimu dola chache tu. Addams na wenzake walimwendea mwenye kiwanda wakiamini atashtuka kama wao. Hakufanya lolote. Wakagundua kwamba wazazi huwekeshwa sahihi karatasi za kuahidi kutodai fidia mtoto akiumia.

Mtu mwingine angebaki kufariji wafiwa, na kufariji si kazi ndogo. Wao wakaanza kuhesabu. Florence Kelley, aliyehamia Hull House mwaka 1891, alipita nyumba kwa nyumba akichunguza kazi za viwandani na za majumbani. Mwaka 1893 jimbo la Illinois likapitisha sheria iliyopiga marufuku watoto wa chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani na kuweka saa nane za kazi kwa wanawake, na Kelley akateuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Mwaka 1895 mahakama ya juu ya jimbo ilikifuta kipengele cha saa nane. Hawakuacha.

Miaka 14. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaweka umri huohuo kuwa wa chini kabisa kwa mtoto kuajiriwa, na kwa kazi nyepesi tu isiyodhuru afya wala masomo yake. Ukimwona binti wa miaka 12 anaosha vyombo vya watu mjini, ujue swali unalojiuliza kuhusu binti huyo lina zaidi ya miaka mia moja.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya takataka. Kata ya 19, iliyokuwa na Hull House, ilikuwa na masanduku makubwa ya taka barabarani, watoto wakicheza juu yake na magonjwa hayaishi. Wanawake wa kikundi cha Hull House walipita vichochoroni wakiandika kila uchafu usiozolewa, wakapeleka jijini taarifa zaidi ya 1,000. Jiji halikuamka. Addams akaomba zabuni ya kuzoa taka za kata nzima. Zabuni ikatupwa kwa hoja ya kiutaratibu, lakini mwaka 1895 meya akamteua kuwa mkaguzi wa taka kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka.

Basi binti wa seneta, msomi, mwenye mgongo mbovu, akawa anaamka kuhakikisha wazoaji wameanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, kisha anayafuata magari ya farasi hadi jalalani. Katika njia moja nyembamba walichimba taka wakakuta barabara ya mawe chini yake, inchi 18 kwenda chini, ambayo wakazi hawakujua kama ipo. Baadhi ya wanawake wa mtaani walishangaa mwanamke kufanya kazi ya namna hiyo. Aliwaeleza kwamba kama kumuuguza mtoto mwenye homa ni kazi ya mwanamke, basi na kuondoa uchafu unaoleta homa hiyo ni kazi yake pia.

Wakati huo mtoto aliyeiba mkate alifungwa pamoja na watu wazima. Wanawake wa Hull House, Julia Lathrop akiwa miongoni mwao, walikuwa katika msukumo uliozaa mahakama ya watoto ya Chicago mwaka 1899, ya kwanza nchini Marekani. Mwaka 1912 Lathrop akawa mkuu wa kwanza wa ofisi ya watoto ya serikali kuu. Hapa kwetu Sheria ya Mtoto nayo inatambua Mahakama ya Watoto, na afisa ustawi wa jamii ana nafasi yake humo. Mzazi ambaye mwanawe amekamatwa na hajui amlilie nani, huyo ndiye mtu wa kumtafuta.

Mwaka 1909 Addams akawa mwanamke wa kwanza kuongoza mkutano wa kitaifa wa watu wa huduma za jamii nchini mwake. Angeweza kustaafu na sifa zake. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, mwaka 1915 akaongoza mkutano wa wanawake huko The Hague, Uholanzi, kutafuta njia ya amani, na Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 alikataa kuiunga mkono. Magazeti yaliyokuwa yakimwita mtakatifu yakamtukana. Mialiko ikakauka. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nicholas Murray Butler, mwanamke wa kwanza wa Marekani kuipata. Siku ya kutolewa tuzo alikuwa amelazwa hospitali. Alifariki Mei 21, 1935, na maelfu ya watu wakapita Hull House kumuaga.

Nikimaliza kusimulia, mzazi huniambia, "Sawa dada, lakini huyo alikuwa na urithi wa baba yake." Ni kweli, na sifichi. Mshahara wa kazi hii ni mdogo kuliko uzito wake. Kuna baba aliyewahi kunifuata hadi kituo cha daladala kwa sababu ya shauri la matunzo. Kuna kesi ninazolala nazo. Kijana anayedhani atakuwa anatoa ushauri kwenye kiti cha kuzunguka, bora aambiwe mapema.

Na tena si kazi ya huruma tupu. Inasomewa. Wenzake Addams walijenga shule ya kufundisha kazi hii Chicago, na mwaka 1920 ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Chicago. Hapa Tanzania chuo cha ustawi wa jamii kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Huko kijana husoma sheria, saikolojia na namna ya kuchunguza shauri, kisha hupelekwa kwenye kata akakutane na watu.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mtoto akisema anaitaka kazi hii, usimuulize kwanza italipa kiasi gani. Muulize anamjua nani mtaani kwenu mwenye shida, na anadhani shida hiyo imeanzia wapi. Akikujibu kwamba yule mama ni mzembe au yule kijana ni mvuta bangi, mwambie aendelee kufikiri. Akikwambia kituo kinafungua saa moja na nusu na soko linafungua saa kumi, mlipie ada.